Rangi ya kabati la jikoni ikiharibika: soma dalili kabla ya kufungua kopo jingine

Rangi ya kabati ikianza kubanduka, wengi wetu hutafuta kopo lililobaki na kupaka juu ya jeraha. Naomba usifanye hivyo. Okota kipande kilichobanduka, kigeuze, ukitazame kwa nyuma penye mwanga. Mgongo wa kipande hicho utakueleza karibu kila kitu. Ukiwa laini na unang'aa, rangi haikupata pa kushikia. Ukiwa na utando wa kahawia unaonata kidoleni, hayo ni mafuta ya kupikia. Ukiwa na nyuzi za mbao, ubao wenyewe umelowa na rangi imeondoka nazo. Na kama praima, yaani tabaka la msingi linalotangulia rangi, imebaki mlangoni ikatoka rangi peke yake, tatizo liko kati ya tabaka hizo mbili, huko chini hakuna kasoro.

Kasoro nyingi za makabati yaliyopakwa na wenyewe nyumbani zinaanzia chini ya rangi, au katika muda ulioachwa kati ya mkono mmoja wa rangi, yaani tabaka moja, na mwingine. Rangi yenyewe mara nyingi haina kosa. Ukipiga mkono mpya juu ya kasoro, utaificha kwa wiki chache, kisha itarudi na wewe utakuwa na tabaka moja zaidi la kukwangua.

Hapa chini nimepanga kwa dalili. Ndani ya kila dalili, chanzo kinachotokea sana ndicho kimetangulia, na ukaguzi mwepesi unakuja kabla ya kazi nzito.

Kwanza ujue unachokishika

Toa bawaba moja na utazame ndani ya tundu lake. Ukiona nyuzi zinazokwenda upande mmoja, hiyo ni mbao halisi. Matabaka yaliyopandana ni plaiwudi. Kitu cha kahawia kilichobanwa sawasawa kama unga ni MDF, na chenga kubwa kubwa zilizogandishwa kwa gundi ni chipubodi, ambayo kwa kawaida imevikwa ngozi ya melamini, yaani plastiki ngumu nyembamba. Dawa ya kasoro moja hubadilika kulingana na jibu hilo, kwa hiyo usiiruke hatua hii.

Kisha jua rangi ya zamani ni ya aina gani. Lowesha pamba kwa spiriti, usugue mahali pasipoonekana kwa nusu dakika. Rangi ya maji italainika na kuacha alama kwenye pamba. Rangi ya mafuta haitashtuka. Shelaki ya zamani, ile vanishi ya utomvu inayoyeyushwa kwa spiriti, itayeyuka na kunata.

Simama hapa kama nyumba ni ya zamani. Rangi za miaka ya nyuma zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na kila nchi ina mwaka wake, kwa hiyo umri wa nyumba peke yake hautoshi kukupa uhakika. Vumbi la risasi huharibu ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo sana, na jikoni ndipo watoto wanaposhinda. Pima kwa kifaa cha kupimia risasi au peleka kipande cha rangi maabara, hasa kama kuna matabaka mengi ya zamani. Ikipatikana, au kama huna namna ya kupima, usipige msasa mkavu na usichome rangi kwa moto wala kwa bomba la hewa moto. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefunzwa kuishughulikia.

Dalili: rangi inabanduka, au inatoka ukiikwaruza kwa kucha

Hii ndiyo malalamiko namba moja, na karibu kila mara huanzia sehemu zilezile: kandokando ya vishikio, chini ya sinki, na milango iliyo juu au pembeni ya jiko.

Anza na jaribio la tepu. Kwa wembe, chora mistari sita ya kina kidogo, umbali wa milimita 2 kati ya mmoja na mwingine, kisha sita mingine ya kuikata. Bandika tepu juu, ikandamize vizuri kwa kidole, halafu ivute kwa mkupuo mmoja. Vikitoka vipembe viwili vitatu kwenye makutano ya mistari, rangi imeshika vizuri na tatizo ni la mahali pamoja. Yakitoka miraba mizima, tabaka lote halijashika. Fanya hivyo kwenye milango mitatu au minne tofauti kabla ya kuamua, kwa sababu mlango wa pembeni ya jiko si shahidi wa kabati zima.

*Mafuta.* Mvuke wa kupikia hubeba mafuta, yanatua mlangoni, yanakauka na kuwa ngozi nyembamba usiyoiona. Nakumbuka mlango mmoja wa kabati la ukutani niliokuwa nimeuosha, nikaupiga msasa na kuupaka kwa uangalifu wote. Baada ya miezi michache rangi ilitoka chini kabisa, ukingoni, katika alama nne zilizopangana. Nilipoweka mkono ndipo nikaelewa: zilikuwa nafasi za vidole. Mlango ule haukuwa ukifunguliwa kwa kishikio, ulivutwa kutoka chini, na kwa miaka mingi vidole vyenye mafuta vilikuwa vimeshika palepale. Uso wa mlango niliuosha vizuri, ukingo wa chini nilikuwa nimeupitishia kitambaa tu.

Ukaguzi wake ni tone la maji. Lidondoshe juu ya sehemu uliyoisafisha. Likitandaa, pako safi. Likijikunja kama shanga, bado kuna mafuta, au nta ya kung'arishia fanicha.

Dawa: kwangua hadi ufike pale ambapo rangi inakataa kutoka. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, kisha kwa dawa ya kuondoa mafuta, kisha suuza mara mbili kwa maji safi, maana mabaki ya sabuni nayo huzuia rangi kushika. Kwa MDF na chipubodi tumia kitambaa kilichokamuliwa, usimwagie maji. Na hapa kuna jambo ambalo nalisisitiza kuliko mengine yote katika makala haya: osha kwanza, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa, unayasaga mafuta na kuyasukuma ndani ya mikwaruzo, na hapo sabuni haitayafikia tena.

*Mng'ao haukuvunjwa.* Rangi inahitaji uso wenye mikwaruzo midogo ya kushikilia. Kwenye vanishi au glosi ya zamani, anza na msasa namba 120 au 150, umalizie na 180 hadi 220. Huna haja ya kufika kwenye mbao. Unatafuta uso uliofifia kote, usio na doa hata moja linalong'aa. Tazama kwa tochi uliyoilaza pembeni, si kutoka juu. Michoro na kona za ndani ndizo husahaulika, na ndiko rangi itakakoanza kutoka.

*Praima haikuwepo, au haikufaa.* Melamini na formaika hazinywi kitu. Zinahitaji praima ya kushikia, ile iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inafaa kwa nyuso ngumu na laini. Undakoti ya kawaida haitoshi. Melamini ipigwe msasa namba 180 kwa mkono mwepesi, ukikumbuka kwamba ngozi yake ni nyembamba. Ukiitoboa, chipubodi itaanza kunywa unyevu.

*Ngozi ya plastiki inaachia yenyewe.* Kuna milango ya MDF iliyovikwa plastiki laini kwa joto. Karibu na jiko, gundi yake huchoka. Bonyeza ukingo kwa dole gumba: ngozi ikicheza, rangi yoyote utakayoweka juu yake ni kazi bure. Ipashe kidogo kwa bomba la hewa moto, uivue yote taratibu, usawazishe MDF iliyo chini, ndipo upige praima.

*Maji yanatoka nyuma.* Mgongo wa kipande ukiwa na nyuzi za mbao, nenda kwenye dalili ya kuvimba huko chini.

Kama jaribio la tepu limeshindwa kwenye milango mingi, kubali kwamba ni kuvua rangi yote. Ukitumia dawa ya kuvulia rangi, soma kopo: zile zenye kemikali iitwayo dikloromethani zimeua watu waliozitumia ndani ya vyumba vilivyofungwa, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Tafuta aina isiyo nayo, na ifanyie nje.

Dalili: rangi imekauka lakini inanata

Unafungua mlango, unasikia sauti ya kubanduka, na kwenye fremu kunabaki alama. Au umepanga sahani kwenye rafu na zimegandia.

Kukauka na kukomaa ni mambo mawili. Rangi ya maji hukauka kwa kuguswa ndani ya saa moja au mbili, lakini hukomaa kwa wiki mbili hadi nne, na wakati wote huo inaweza kugandana na rangi nyingine ikibanwa. Rangi ya mafuta huanza polepole zaidi. Bonyeza kucha mahali pa kificho. Ikiacha alama leo, ijaribu tena baada ya siku tano. Ikiwa alama inapungua, huna kasoro. Una haraka.

Ikiwa haipungui, chanzo cha kawaida ni mkono mzito. Juu hufanya ngozi, chini kunabaki kubichi, na ngozi ile inazuia hewa isifike. Mikono miwili au mitatu myembamba hukomaa mapema kuliko mmoja mzito, ingawa inaonekana kama kazi zaidi. Kinachofuata ni baridi na unyevu: chini ya nyuzi 10 za selsiasi rangi nyingi za maji hazijengeki sawasawa, na jikoni panapopikwa kutwa bila dirisha kufunguliwa hewa hulemewa na mvuke. Feni husaidia. Kuichoma kwa joto kali hakusaidii, kunaongeza ile ngozi ya juu.

Chanzo cha tatu watu hawakitarajii: rangi ya ukutani. Emalshani ya ukuta imetengenezwa kukaa ukutani, mahali ambapo hakuna kitu kinachoibana. Kwenye mlango wa kabati hubaki laini na kugandana hata baada ya miezi. Kusubiri hakutaiponya. Ipige msasa namba 220 baada ya kukomaa kadiri inavyoweza, kisha uipake rangi ya mbao iliyo ngumu, au vanishi ya maji iliyokusudiwa kulinda rangi.

Mwisho kuna rangi ya mafuta iliyokaa miaka kwenye kopo. Dawa ya kukaushia iliyomo hupungua nguvu. Ikiwa wiki tatu zimepita na bado inanata huku inanuka kama siku ya kwanza, ikwangue, uifute kwa tapentaini, uanze na kopo jipya.

Wakati unasubiri, acha milango wazi kidogo na ubandike vipande vidogo vya mpira kwenye kona za fremu. Usirudishe vyombo rafuni wiki ya kwanza, hata ukichoka kuviona mezani.

Dalili: madoa ya manjano au kahawia yanachomoza kwenye rangi nyeupe

Hapa usipake chochote mpaka umejua ni doa gani, kwa sababu kuna aina nne na zinafanana kwa mbali.

Madoa yanayofuata mistari ya mbao, yanayoenea kama chai iliyomwagika, ni tanini, kitu cha asili kilichomo ndani ya mbao yenyewe. Mwaloni na mahogani zinayo kwa wingi. Tanini huyeyuka kwa maji, na ndiyo maana kila mkono mpya wa rangi ya maji unaiamsha upya. Watu hupiga mikono minne, mitano, wakidhani rangi haifuniki, kumbe kila mkono ndio unaoivuta juu. Kinachoizuia ni praima ya shelaki, kwa sababu imeyeyushwa kwa spiriti na tanini haiisumbui. Piga msasa mwepesi, piga mikono miwili ya shelaki, kisha rangi.

Madoa ya duara yaliyokaa juu ya vifundo ni utomvu, hasa kwenye msonobari. Shelaki inafanya kazi hapa pia. Utomvu unaotoka wenye kunata ukwanguliwe na kufutwa kwa spiriti kwanza.

Umanjano unaotoka ukiusugua kwa sabuni ni mafuta ya juu tu. Osha, umemaliza.

Aina ya nne inawachanganya wengi: rangi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano gizani. Utaona ndani ya milango na chini ya vitu vilivyobandikwa pamegeuka, huku pale panapopigwa na mwanga pamebaki peupe. Kulijua ni rahisi: funika nusu ya sehemu yenye umanjano kwa karatasi nyeusi, uuweke mlango karibu na dirisha kwa wiki moja au mbili. Nusu iliyo wazi ikirudi kuwa nyeupe kwa kiasi, umepata jibu. Hakuna praima itakayoizuia, kwa sababu ni rangi yenyewe inayogeuka. Ukitaka weupe unaodumu, hamia rangi ya maji juu ya praima ya kushikia.

Shelaki inawaka haraka na mvuke wake pia. Zima jiko, zima kiwashio chochote cha gesi, na fungua madirisha kabla hujafungua kopo.

Dalili: vishimo vya duara vinafunguka kwenye rangi mbichi

Unapitisha brashi, na mbele ya macho yako rangi inakimbia na kuacha viduara kama macho ya samaki. Ni silikoni, mara nyingi kutoka kwenye nta ya kupulizia fanicha. Acha hapohapo. Kuongeza rangi hakuwezi kuvijaza. Futa rangi yote ingali mbichi, kisha futa mlango kwa tapentaini ukibadilisha kitambaa kila mara, ukienda upande mmoja tu bila kurudi, la sivyo unaihamisha silikoni kutoka kona hii kwenda ile. Ikishakauka, piga mkono mwembamba wa shelaki kuifungia chini.

Dalili: michirizi, alama za brashi, chenga

Hizi zinaumiza macho lakini haziharibu kabati, kwa hiyo usiziogope. Michirizi iliyoshuka isiguswe ikiwa mbichi. Isubiri hadi iwe ngumu kabisa, ikwangue kwa wembe uliolazwa, kisha msasa namba 220. Alama za brashi hutokana na rangi nzito, hali ya joto inayoikausha kabla haijatulia, au kurudia rudia mahali pamoja baada ya rangi kuanza kushika. Tandaza, nyoosha mara moja kwa ncha ya brashi, ondoka. Uso unaofanana na ganda la chungwa umetokana na rola yenye manyoya marefu; tumia ya sponji au ya manyoya mafupi. Kwa chenga, sakafu ndiyo ya kulaumiwa mara nyingi: ifute kwa kitambaa chenye maji kabla ya kupaka, usiifagie.

Ukipiga msasa kati ya mikono, chora mistari hafifu ya penseli mlango mzima kwanza. Mistari ikiisha yote, umepita kila mahali sawasawa. Njia hiyo hukuokoa pia kwenye mlango wenye ngozi ya mbao juu ya plaiwudi, kwa sababu ngozi hiyo mara nyingi haifiki hata milimita 1, na ukiona rangi ya ubao imebadilika ghafla chini ya msasa, umeshaitoboa. Ikitobolewa, mlango huo sasa ni wa rangi nzito, hauwezi tena kuwa wa vanishi.

Dalili: vanishi ina ukungu, au rangi ya mbao imeshika mabaka

Laka (vanishi inayokauka upesi) iliyopigwa siku ya unyevu hugeuka nyeupe kama pumzi juu ya kioo. Unyevu umenaswa ndani. Subiri siku kavu, pulizia thina ya laka kidogo sana juu yake, na mara nyingi ukungu utaondoka. Vanishi ya maji huwa nyeupe ikiwa mbichi, hiyo ni kawaida. Ikibaki na weupe hata baada ya kukauka, mkono ulikuwa mzito.

Mng'ao usiolingana kati ya mlango na mlango ni kopo ambalo halikukorogwa. Kitu kinachopunguza mng'ao hutua chini. Koroga kwa kijiti kutoka chini, usilitikise, kutikisa kunaleta vipovu.

Mabaka wakati wa kutia rangi ya mbao, ile inayonywewa na mbao bila kuficha nyuzi zake, yana vyanzo vitatu vikubwa: vanishi ya zamani iliyobaki, gundi iliyomwagika kwenye maungio, na mbao yenyewe, hasa msonobari, kunywa bila usawa. Kabla ya kutia rangi, futa mlango mzima kwa tapentaini. Kwa dakika chache utaonekana kama utakavyokuwa baada ya kazi, na palipo na gundi pataonekana pamepauka. Piga msasa hapo tena. Kwa msonobari, tanguliza dawa ya kusawazisha unywaji.

Onyo ambalo halina mjadala: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani au rangi ya mbao ya mafuta vinaweza kuwaka vyenyewe vikikunjwa na kutupwa kwenye pipa. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na joto lililofungiwa ndani ya mkunjo huongezeka hadi moto. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke na kukakamaa, au vitumbukize kwenye ndoo ya chuma yenye maji na kifuniko. Fanya hivyo kabla ya kunawa mikono.

Na laka au vanishi za makopo mawili zinazochanganywa na kigumishi chenye kemikali ya isosianati, usizipulizie nyumbani. Zinaweza kukuachia pumu ya kudumu, na barakoa za kawaida hazitoshi. Waachie wenye chumba na vifaa vyake.

Dalili: nyufa nyembamba kwenye maungio ya mlango

Mlango wa mbao una fremu na ubao wa katikati, na ubao huo umeachwa huru makusudi ili upanuke na kusinyaa. Ufa mwembamba pale vipande vya fremu vinapokutana ni mbao kufuata msimu. Mstari usio na rangi unaojitokeza pembeni mwa ubao wakati wa kiangazi ni huohuo. Paka mstari huo kwa brashi nyembamba, basi. Usiupige gundi wala kuujaza puti ngumu. Ukiubana ubao usitembee, utapasuka wenyewe. Ufa unaofunguka hadi kucha kuingia ni ungio lililoachia, na hilo linataka gundi ya mbao na jiriwa usiku mzima.

Dalili: ukingo umevimba karibu na sinki

MDF na chipubodi zikishavimba hazirudi. Msasa utapunguza mwonekano, lakini sehemu hiyo imepoteza nguvu. Kwanza tafuta maji yanakotoka. Kausha kila kitu chini ya sinki, tandika karatasi ya shashi chini ya kila ungio la bomba, fungua maji dakika tano, kisha jaza sinki na uliachie kwa mara moja. Karatasi itakayolowa inakuonyesha. Zote zikibaki kavu, angalia ukingo wa sinki juu ya meza, pale mstari wa silikoni ya kuzibia unapochoka.

Uvimbe mdogo, usiozidi kucha ya kidole, unaweza kuachwa ukauke kwa wiki kadhaa, kupigwa msasa na kufungwa kwa shelaki pande zote, ukiwemo ule ukingo wa chini usioonekana. Uvimbe mkubwa ni wa kubadilisha ubao. Ukiona ukungu mweusi umeenea hadi ukutani, au maji yanatoka ukutani kwenyewe, fundi bomba aje kabla ya rangi. Hali kadhalika ukikuta nyaya za umeme zimelowa ndani ya kabati: zima umeme kwenye swichi kuu, uite fundi umeme.

Dalili: milango haifungi sawa baada ya kurudishwa

Mara nyingi mlango umerudi kwenye fremu isiyo yake. Kama hukuandika namba, tafuta alama za zamani za bawaba na uzilinganishe. Kwa mara nyingine, andika namba ndani ya tundu la bawaba na uifunike kwa tepu, maana namba iliyoandikwa mlangoni hufunikwa na rangi.

Bawaba za kisasa za kikombe, zenye tundu la milimita 35, zina skrubu za kurekebisha: moja huvuta mlango kushoto au kulia, nyingine huusogeza mbele au nyuma, na kwa nyingi kuna ya kupandisha na kushusha. Zungusha nusu mzunguko tu, funga mlango, tazama. Nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya milango inatosha. Bado unasugua? Pitisha karatasi kwenye ukingo. Pale inapokwama ndipo rangi ni nene. Pasawazishe kwa msasa namba 180 baada ya rangi kukomaa, uguse kwa rangi kidogo.

Skrubu inayozunguka bila kushika imekula tundu lake. Jaza tundu kwa njiti za kibiriti zilizokatwa vichwa na kupakwa gundi ya mbao, acha zikauke, kata kichwani sawa na uso, rudisha skrubu ileile.

Kabla ya kuendelea kurekebisha bawaba za kabati la ukutani, sukuma kabati lenyewe kwa kiganja. Likicheza, au ukiona nafasi imefunguka kati ya mgongo wake na ukuta, milango haina tatizo. Skrubu za ukutani zimelegea. Toa vyombo vyote sasa hivi, weka watu mbali na chini yake, na umwite fundi aliangalie limefungwa kwenye nini.